Pumzi ya Wifi

Mtaa mzima ulimwita Cherehani, na si kwa sababu alikuwa fundi wa nguo. Mafundi wa nguo walijaa kwenye ile barabara, na wote waliitwa mafundi tu. Yeye aliitwa Cherehani kwa sababu ya mdomo wake. Alipoanza kukanyaga pedali, mdomo nao ulianza. Pedali ikikimbia, maneno yalikimbia. Akifika kwenye kona ya kola, pale panapotaka mwendo wa taratibu, hata umbea wenyewe ulipunguza kasi. Wateja waliomjua, wakitaka kusikia habari mpaka mwisho, walimpelekea mapazia, maana mshono wa pazia ni mrefu na umenyooka. Alinyamaza wakati mmoja tu, akiwa amebana pini mdomoni.

Aliongea na muuza mkaa, na mzoa taka, na watoto waliotumwa chumvi, na paka wa jirani ambaye hakuonyesha kama alikuwa anasikiliza. Katika dunia nzima kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakuongea naye: wifi yake, mke wa kaka yake.

Ugomvi wa mawifi ukiupa nafasi utakula hadithi yote, kwa hiyo nitaueleza upesi. Kaka yake alikuwa na binti mmoja. Huyo binti, alipokuwa mdogo, alimwagikiwa na maji ya moto, akabaki na kovu kubwa lililoteremka kutoka kwenye kiwiko cha kushoto mpaka kwenye kifundo cha mkono. Tangu hapo nguo zake zote zilishonwa na shangazi yake. Sare ya shule ilikuwa ya mikono mifupi, lakini yake ilishonwa mikono mirefu. Mwalimu alipouliza kulikoni, Cherehani alifunga duka akaenda shuleni kujibu mwenyewe, na mwalimu yule hakuuliza tena kitu chochote.

Kwa hiyo binti alipochumbiwa, Cherehani hakungoja kuambiwa. Alinunua kitambaa cheupe kabla hata tarehe haijapangwa, akakata, akashona gauni la harusi kwa siri, ili siku moja aingie nalo kwa kaka yake awaache midomo wazi. Hakuhitaji kupima. Vipimo vya yule mtoto alikuwa navyo kichwani, na kila mwaka alivirekebisha kwa jicho.

Amebakiza kutia vifungo, akasikia, tena kutoka kwa mteja, kwamba gauni limekwisha kushonwa mjini, kwenye duka lenye vioo. Wifi ndiye aliyelipeleka huko. Hakumwambia mapema, hakumwomba radhi baadaye. Siku ya harusi Cherehani alisema kichwa kinamuuma, akabaki nyumbani. Shangazi kukosa harusi ya binti wa kaka yake si jambo dogo, na watu walilitafuna mpaka likaisha utamu. Binti alihamia mbali na mumewe. Wale wawili hawakusemezana tena. Wakikutana njiani, mmoja alivuka barabara, na kama hapakuwa na barabara ya kuvuka, mmoja aliinama kufunga kiatu, hata kama amevaa ndala.

Gauni alilifunga kwenye mfuko wa nailoni, akalitundika nyuma ya majora ya vitambaa. Hakuna aliyejua kwamba lipo. Mwanamke ambaye hakuweza kutunza siri ya mtu yeyote aliitunza hiyo moja miaka yote.

Asubuhi moja, akiwa katikati ya pazia, simu ililia. Alikuwa kaka yake.

"Wifi yako anaumwa," kaka alisema. "Miguu ilianza kulegea, tukadhani ni uchovu. Halafu mikono. Alishindwa kushika kikombe. Sasa hawezi hata kupumua mwenyewe."

"Kupumua? Mmempeleka wapi? Daktari kasema nini?"

"Ni mishipa ya fahamu. Imelala. Anasema itaamka, lakini si leo wala kesho."

"Si kuna mashine za kupumulia?"

"Zipo mbili. Moja ina mtu, nyingine ni mbovu. Wameomba hospitali nyingine iwaazime, wameahidiwa, bado haijafika. Sasa tunampumulia kwa mkono, mimi na jirani yangu. Binti yuko njiani. Mdogo wangu, mikono haitoshi."

Cherehani alikuwa na mengi ya kusema, kuanzia vioo vya lile duka.

"Nakuja," alisema. Aliliacha pazia chini ya sindano.

Chumba cha wagonjwa mahututi kilikuwa na madirisha yaliyopakwa rangi mpaka nusu, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, na ndoo ya maji ya kunawa mlangoni. Kwenye kona ilisimama ile mashine mbovu, imefunikwa shuka safi kama maiti mwenye heshima zake. Wifi alikuwa kitanda cha mwisho. Mrija ulitoka mdomoni mwake, umefungwa kwa utepe kuzunguka kichwa, na kwenye ncha ya mrija kulikuwa na mfuko wa mpira, saizi ya papai kubwa, uliounganishwa na mtungi wa oksijeni. Wauguzi waliuita ambu. Kaka mtu alikuwa ameketi kwenye stuli, ameushika kwa mikono miwili, akiuminya na kuuachia, akiuminya na kuuachia. Hakusimama kumsalimia dada yake, kwa sababu hakuweza.

Cherehani alikuwa amejiandaa kumkuta adui. Alimkuta mwanamke aliyepungua, nywele zimesukwa nusu na nusu zimefumuliwa, macho yamefunikwa vipande vya pamba vilivyoloweshwa maji. Akaingiwa na huruma, na huruma ilimkasirisha. Alipokasirika, akaanza kuongea.

Muuguzi wa zamu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini na viatu visivyopiga kelele. Alimkalisha kwenye stuli.

"Mkono huu unashika hapa, mrija usivutike. Huu unaminya. Taratibu, mpaka uone kifua kimeinuka. Halafu unaachia, unaisubiri hewa itoke."

"Na anakulaje? Kakonda huyu! Macho mmeyafunika ya nini?"

"Kope hazifumbi vizuri, macho yatakauka. Na jambo moja usilisahau, mama. Huyu mgonjwa—"

"Maskini! Na hii shuka nani kaipinda? Tazama pindo lilivyokwenda upande, kama limeshonwa na mtu aliyekuwa anakimbizwa..."

Muuguzi alimaliza sentensi yake. Ila wakati anaimaliza, Cherehani alikuwa bado kwenye pindo la shuka.

Kaka akapewa nafasi, akasogea ukutani akikunja na kukunjua vidole. Cherehani alishika mfuko. Mwanzoni alikwenda vizuri. Halafu akaanza kueleza jinsi alivyoipokea simu, na pazia alivyoliacha, na mwenye pazia atakavyomjia juu, na mkono ukashika njia. Alikuwa ameshaingia kwenye mshono mnyoofu. Minya achia minya achia minya achia, na hadithi ikinoga.

Muuguzi aliweka kiganja juu ya mkono wake.

"Mama, unakimbilia wapi?"

"Nampa hewa nyingi!"

"Hewa ikiingia kabla ya nyingine kutoka, kifua kinajaa, moyo unabanwa. Utamuua kwa kumsaidia. Sikiliza. Pumua wewe kwanza. Ukivuta pumzi, minya. Ukiitoa, achia. Tulia kidogo, ndipo uvute nyingine. Na usiongee."

"Nisiongee?"

"Mkono wako unafuata mdomo. Nimekuona."

Kule ukutani, kaka alicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu aingie kwenye hicho chumba, na kilimshangaza mwenyewe.

Basi Cherehani akanyamaza. Siku nzima ya kwanza alinyamaza, au alijitahidi, na jitihada hiyo ilimchosha kuliko mkono. Alivuta pumzi, akaminya, akaona kifua cha wifi kikiinuka. Alitoa pumzi, akaachia, kikashuka. Kila alichokivuta yeye, mwenzake alikipata. Hakupenda kulifikiria hilo, lakini hakukuwa na kitu kingine cha kufikiria. Alikuwa ameapa hatampa wifi yake hata salamu, na sasa alikuwa anampa pumzi, na alipoweka kiapo na pumzi kwenye mizani, kiapo kilionekana kitu cha kitoto. Jioni binti alifika kutoka safari, akamkumbatia shangazi yake, akashika zamu.

Asubuhi ya pili mdomo ulimshinda. Ulimi hauna mfupa, na wa kwake ulikuwa umelazwa njaa. Lakini mikono ilikuwa imeshajifunza, na fundi akishajifunza kitu kwa mikono hakisahau. Aligundua kwamba kati ya kuachia na kuminya tena kuna nafasi. Ndogo, lakini ipo. Sentensi moja fupi ilienea humo. Akivuta, ananyamaza. Akiachia, anasema. Halafu anangoja.

Alianza kwa kumpa wifi vipande vyake, kama alivyokuwa akifanya mazoezi mbele ya kioo miaka yote hiyo.

"Ulinidharau," alisema. Akavuta pumzi, akaminya, akaachia. "Mbele ya watu." Akavuta, akaminya, akaachia. "Mimi, shangazi mtu."

Na hapo ndipo alipokutana na jambo ambalo hakulitegemea. Tusi haliwezi kungoja. Tusi linataka lenzake nyuma yake, upesi, moto moto, vinginevyo linapoa mdomoni na mwenyewe analionja. Cherehani alikuwa na matusi mazuri, ya kuchaguliwa, lakini kila alipotaka kutoa moja ilibidi kwanza ampumulie yule anayetaka kumtukana. Alipomaliza kumpumulia, hamu ilikuwa imeondoka. Akabaki na yale yaliyokuwa chini ya matusi.

"Nililishona," alisema, akaachia mfuko. "Gauni. Hujui. Hakuna ajuaye." Kifua kiliinuka, kikashuka. "Lipo dukani mpaka leo." Akangoja. "Vifungo tu sikutia."

Hakuwa akimwambia mtu, ndivyo alivyojua yeye. Mtu aliyezimia, macho yamefunikwa, ni sawa na ukuta, na ukuta haukucheki. Akaendelea, pumzi kwa pumzi. Alieleza kola, jinsi alivyoinyanyua kidogo kwa sababu binti ana shingo nzuri. Alieleza kiuno, alichokibana mara mbili na kukifumua mara mbili. Alieleza lesi aliyoitafuta mji mzima mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Alisema kwamba usiku wa harusi alilitoa, akalivisha kiti, akakaa mbele yake kama mgeni aliyealikwa. Sauti yake ilitetemeka. Alijizuia, maana kulia kungevuruga pumzi, na pumzi haikuwa yake peke yake.

"Na mikono," alisema. "Mikono nili—"

Muuguzi alikuwa amefika na bakuli la maji na pamba.

"Mama," alisema kwa ile sauti yake ya chini, lakini hakumwambia Cherehani. Alikuwa ameinama juu ya mgonjwa. "Nakubadilishia pamba za macho. Itakuwa baridi kidogo. Usishtuke."

"Unaongea naye ya nini, sista? Si amezimia?"

"Nilikuambia tangu siku ya kwanza. Hawezi kusogea tu. Akili yake nzima, masikio mazima. Anasikia kila kitu."

Akaondoa pamba. Macho ya wifi yalikuwa wazi. Yalikuwa yakimtazama Cherehani moja kwa moja, hayapepesi, na yalikuwa yamejaa maji ambayo hayakutoka kwenye pamba.

Mkono wa Cherehani ulifumba juu ya mfuko, ukaganda. Kifua cha wifi kiliinuka, kikabaki juu.

"Achia!" muuguzi alisema. "Mama, achia!"

Akaachia. Kifua kikashuka. Muuguzi alisimama pale mpaka alipohakikisha kwamba mwendo umerudi, akafunika macho kwa pamba mpya, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Cherehani alimalizia zamu yake bila kusema hata nusu ya neno.

Binti alipokuja kumpokea, Cherehani alimfuata kaka yake kwenye bomba la uani.

"Mimi sirudi," alimwambia.

"Kumetokea nini?"

"Nimeongea naye. Nilidhani hasikii."

"Umemwambia nini?"

"Kila kitu."

"Kila kitu kipi?"

"Kaka, unanijua. Nikisema kila kitu, ni kila kitu."

Alikuwa na haya, na haya yake haikutokana na matusi. Matusi angeyatetea hata mahakamani. Aliona haya kwa sababu ya lile gauni kwenye kiti. Wifi sasa alijua kwamba yule aliyejifanya hajali miaka yote alikuwa amekaa peke yake usiku wa harusi, akilitazama gauni lisilo na mtu. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.

Kaka hakumlaumu. "Basi," alisema, "nitaminya na asubuhi pia." Akanyanyua chupa yake ya maji anywe. Ikamponyoka, ikabingirika mpaka kwenye mfereji. Aliutazama mkono wake, akajaribu kuufumba, haukufumba. Vidole vilikuwa vimevimba, na kidole gumba kilikuwa kinatetemeka chenyewe.

Cherehani aliiokota chupa, akaifuta kwa ncha ya gauni lake, akaifungua, akamshikia anywe. Asubuhi alirudi.

Alirudi akiwa amepiga moyo konde kwamba hatafungua mdomo. Alimsalimia muuguzi kwa kichwa, akakaa kwenye stuli, akashika mfuko. Alikwenda vizuri sana. Akivuta, anaminya. Akitoa, anaachia. Hakuna kilichokimbia. Kama muuguzi angekuwa anatoa vyeti siku hiyo, angempa cha kwanza.

Lakini muuguzi alikuwa anatazama kioo kidogo cha mapigo ya moyo juu ya kitanda, na alikunja uso. Alishika kifundo cha mkono wa mgonjwa. Akaangalia mtungi, akaangalia mrija, akasikiliza kifua pande zote mbili.

"Hewa inaingia vizuri," alisema. "Lakini moyo unakwenda mbio tangu ulipokaa. Jana asubuhi alikuwa ametulia kuliko siku zote. Umemwambia nini leo?"

"Sijasema neno, sista. Naapa."

"Hujamsalimia?"

Cherehani aliinamisha macho kwenye mfuko.

Muuguzi alivuta stuli nyingine, jambo ambalo hakuwa na muda nalo, akakaa.

"Hebu jifikirie wewe," alisema. "Huoni. Huwezi kuinua kidole. Pumzi yako iko mkononi mwa mtu, na huyo mtu amekununia. Hujui anawaza nini. Usingeogopa?"

Akainuka, akaenda.

Cherehani alibaki na mfuko mkononi. Miaka yote hiyo aliamini kwamba kununa ni kujikalia pembeni na maumivu yako, bila kumgusa mtu. Hakuwahi kuwaza kwamba ukimya wake ungeweza kumtia mtu hofu. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akivuka barabara, kichwa juu, akijiona yeye ndiye aliyeonewa. Labda upande wa pili wa barabara palikuwa na mtu anayeogopa. Wazo hilo lilimuuma, na liliendelea kumuuma baadaye, hata alipokuwa dukani.

Aliachia mfuko, akangoja hewa itoke.

"Wifi," alisema. "Ni mimi."

Akavuta, akaminya, akaachia.

"Muuza mkaa kaoa."

Akavuta, akaminya, akaachia.

"Kamwoa yule yule waliyekuwa wakitukanana naye."

Akaendelea hivyo asubuhi nzima. Alimsimulia habari za mtaa tangu siku waliyoacha kusemezana, maana wifi alikuwa amekosa mengi ya upande wake. Paka wa jirani, mzoa taka na redio yake, mteja aliyeleta suruali ipunguzwe kisha akanenepa. Umbea uliosemwa polepole namna ile ulikuwa karibu uwe hekima. Gauni hakuligusa. Juu ya kitanda, mapigo yalishuka taratibu mpaka muuguzi, akipita, akatingisha kichwa kwa kuridhika.

Siku zikaenda, zamu kwa zamu, kaka na jirani na binti na shangazi. Kisha mchana mmoja mlango ulifunguliwa, wanaume wawili wakaingia wakisukuma mashine ya kuazima. Daktari aliiunganisha, akaisikiliza, akairekebisha, akamwambia Cherehani sasa anaweza kuacha. Hakuacha. Alisikia alichoambiwa, ila mikono haikukubali. Muuguzi ilibidi amfungue vidole kimoja kimoja, akimwambia, "Inatosha, mama. Imeshika. Tazama." Kifua kiliinuka bila yeye. Alifurahi, akalia kwa furaha mbele za watu, na ndani ya furaha hiyo kulikuwa na wivu kidogo, nao hakuuficha. "Hiyo mashine haina hata habari za kumpa," alisema.

Mishipa iliamka pole pole, kama daktari alivyosema. Kope zilianza kufumba, kisha bega likainuka kidogo, kisha vidole vikashika vidole. Ilichukua wiki nyingi. Cherehani aliendelea kwenda kila asubuhi, sasa akiwa na kazi yake ya mkononi, mapindo ya kushona. Alikaa kando ya kitanda na pini zake mdomoni. Ukweli ni kwamba alizibana hata pale ambapo kazi haikuhitaji pini. Alikuwa anaogopa siku ambayo wifi angeweza kujibu.

Siku hiyo ilifika. Mrija ulikuwa umetolewa jana yake. Binti alikuwa ameketi miguuni, akimkanda mama yake nyayo. Sauti ya wifi ilitoka ikiwa imekwaruza, ndogo, kama ya mtu aliye chumba cha pili.

"Wifi."

Cherehani aliinua macho. Ilikuwa mara ya kwanza kuitwa hivyo na yule mwanamke tangu kabla ya harusi.

Wifi alipumzika, akakusanya nguvu. Kila sentensi ilimgharimu pumzi, na sasa alikuwa anailipa mwenyewe.

"Ile mikono," alisema. "Hukumaliza. Mirefu au mifupi?"

Cherehani alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichoma kwenye pindo. Watu waliomfahamu wangesema hapo ndipo angeanza, na asingenyamaza mpaka jioni. Badala yake alishika mkono wa kushoto wa wifi yake, akapitisha kidole kutoka kwenye kiwiko, akateremka mpaka kwenye kifundo, akasimamisha kidole hapo.

Wifi alikitazama hicho kidole. Machozi yalimtoka, na safari hii kope zilifumba vizuri.

"Ile ya gauni la mjini ilikuwa mifupi," alisema. "Siku nzima mwanangu kaushika mkono hivi, kaufunika kwa maua. Picha zote. Nilimwona." Akapumzika. "Nilimwona, nikaendelea kucheza. Nilikuonea haya wewe mbele ya wakwe. Wewe na duka lako la mabati."

Binti aliacha kukanda. Alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza kwamba kulikuwa na gauni jingine, na alikuwa akiwatazama, mmoja na mwingine.

"Lilete," wifi alisema.

"Hapa? Hospitali?"

"Lilete, nilione."

Kesho yake Cherehani alilileta kwenye mfuko wake wa nailoni. Kitambaa kilikuwa kimegeuka rangi kidogo, karibu na ya maziwa. Binti, ambaye sasa alikuwa mama wa watoto wawili, alisimama kati ya vitanda akajaribu kulivaa juu ya nguo zake. Mgongoni halikufunga, wala halikukaribia kufunga, na wote watatu walicheka mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha. Lakini mkono wa kushoto uliingia. Ulipita kwenye kiwiko, ukateremka juu ya kovu lote, ukafika kwenye kifundo, ukakaa pale pale.

Wifi aliinyoosha mikono yake iliyokuwa bado dhaifu, akashika ncha ya ule mkono wa gauni kwa vidole viwili, hakuuachia. Cherehani alitafuta la kusema. Akavuta pumzi, akaitoa, akangoja kidogo, akavuta nyingine. Mbele yake kifua cha wifi kilikuwa kikiinuka na kushuka chenyewe.